Kabla Umuite Msaliti, Soma Hii ya Vic Wild

Leo sina vichekesho. Leo nimekuja kufuta maneno yangu mwenyewe, na mnajua vile sipendi hiyo kazi.

Kama umekuwa hapa tangu 2024, unakumbuka ile klipu yangu ya mwezi wa nane, wakati wa Olimpiki ya Paris. Winfred Yavi, mzaliwa wa Makueni, alishinda dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Dakika 8, sekunde 52.76, rekodi mpya ya Olimpiki. Peruth Chemutai wa Uganda akawa wa pili, Faith Cherotich wetu akawa wa tatu. Halafu wimbo uliopigwa ukawa wa Bahrain. Mimi nikashika simu, nikakaa kwa ngazi za ploti, nikarekodi sekunde 40 za kelele. Nilisema ameuza bendera. Nilisema mengine ambayo sitarudia hapa. Hiyo klipu ilienda mbali kuliko kitu chochote nimewahi kutengeneza, na kusema ukweli, ndiyo ilinilipia kodi ya miezi miwili.

Jana usiku nimeitoa.

Hakuna mtu alinilazimisha. Kilichotokea ni kwamba mambo yalifika kwetu nyumbani. Binamu yangu anakimbia. Ako na miaka 22, anafanyia mazoezi huko juu Bonde la Ufa, na aliwahi kuvaa jezi ya Kenya mara moja kwa mashindano ya vijana. Tangu hapo hajaitwa tena. Kila mwaka anakosa timu kwa sekunde chache, kwa sababu mbele yake kuna wengine 15 kama yeye. Sasa kuna nchi ya mbali imemtafuta. Mshahara kila mwezi, matibabu, kocha, na pasipoti yao. Ako na mpaka mwisho wa mwezi ujao kujibu.

Jumapili tulikuwa kwa shosho. Anko akasikia hiyo habari, akaweka kikombe chini, akasema mbele ya watu wote, "Kwetu hatuna wasaliti." Binamu hakujibu. Aliniangalia mimi. Yaani anko alitumia neno lile lile nililotumia kwa klipu, na huyu kijana alikuwa ameiona. Kila mtu kwa hiyo familia aliiona.

Nilirudi Nairobi na matatu ya usiku nikiwa na aibu. Nikaanza kusoma kuhusu watu waliobadilisha nchi kwa michezo. Hawa wetu wa mbio niliwaruka kwanza, kwa sababu kwa hao nilikuwa nimeshatoa hukumu. Nilitaka mtu ambaye sina hasira naye. Ndio nikapatana na bingwa wa Urusi wa snoubodi anayeitwa Vic Wild.

Najua. Snoubodi na wewe unaishi Githurai. Sisi theluji tunaijua kwa Philip Boit, yule wetu aliyeenda Nagano 1998 kwa skii, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja kwa mstari ili amkumbatie. Lakini nipe dakika tano. Hii stori haihusu theluji sana.

Kwanza huo mchezo. Kuna snoubodi ya kuruka na kujipindua hewani, ile ya akina Shaun White. Na kuna ile wanaita ya alpine, ya mbio. Ubao ni mrefu, mwembamba na mgumu, na viatu ni vya plastiki ngumu kama vya skii. Wawili wanasimama juu ya mlima, kila mmoja na njia yake, moja nyekundu na moja ya buluu, zimelala sambamba. Malango yanafunguka kwa pamoja. Unashuka ukizunguka nguzo, kushoto, kulia, ukiwa umelalia ukingo wa ubao mpaka kiwiliwili kinakaribia kugusa barafu. Anayefika chini kwanza anasonga mbele, mwingine anaenda nyumbani. Ukishusha jicho kidogo umeanguka, na ukianguka hakuna cha kesho.

Vic Wild alizaliwa 1986 kwa mji mdogo unaitwa White Salmon, jimbo la Washington. Mmarekani kamili, wa kuzaliwa na kulelewa. Alikuwa mzuri kwa hii ya mbio, lakini hakufika Olimpiki ya Vancouver 2010. Na baada ya Vancouver, shirikisho la Marekani likafunga programu yao ya alpine. Si eti walipunguza bajeti. Walifunga. Pesa ikaendelea kwenda kwa ile ya kuruka, kwa sababu huko ndiko kuna medali nyingi, watazamaji na matangazo.

Na hapa usidhani Marekani hawakuwa wamewahi kupata kitu kwa alpine. Chris Klug alipata shaba 2002 kule Salt Lake City, miaka miwili tu baada ya kuwekewa ini la mtu mwingine. Rosey Fletcher naye akapata shaba 2006. Kwa hivyo hawakuwa wazembe. Ni vile tu ofisini watu walipiga hesabu, na hesabu ikasema hawa hawatufai.

Wild alikuwa na miaka 23. Ebu fikiria. Ni umri wetu huo. Kitu kimoja unachojua kufanya duniani, unaambiwa asante, hatukulipii tena, fanya vile unaweza. Amewahi kusema mbele ya wanahabari kwamba kama si Urusi, angekuwa ameacha kabisa huu mchezo.

Urusi ilikujaje? Mapenzi, bana. Alikuwa anatoka na Alena Zavarzina, msichana wa Novosibirsk, ambaye 2011 alikuwa bingwa wa dunia kwa slalomu kubwa ya sambamba. Wakaoana mwaka huo huo. Urusi ilikuwa inajiandaa kuandaa Olimpiki ya Sochi 2014, na tofauti na Marekani, wao huu mchezo walikuwa wanautaka. Walikuwa na makocha, kambi na pesa ya safari. Wild akachukua uraia, akaanza kushindania Urusi.

Sasa twende Sochi. Tarehe 19 Februari 2014, mlima wa Rosa Khutor, slalomu kubwa ya sambamba. Wanaume na wanawake wanashindana siku moja, mlima mmoja. Zavarzina akachukua shaba. Dakika chache baadaye bwana yake akamshinda Nevin Galmarini wa Uswisi kwa fainali, akachukua dhahabu. Nyumba moja, medali mbili, kabla chai ipoe.

Siku tatu baadaye ikaja slalomu ya sambamba, ile fupi yenye nguzo zimekaribiana. Na hapa ndipo nilipoanza kumpenda huyu jamaa. Kule Sochi kila raundi ilikuwa mishuko miwili: mnabadilishana njia, na aliyeshindwa mshuko wa kwanza anafunguliwa lango akiwa amechelewa kwa tofauti ile ile. Kwa nusu fainali Wild alikutana na Benjamin Karl wa Austria. Mshuko wa kwanza akashindwa kwa sekunde 1.12. Kwa mchezo huu, hiyo ni kama kushindwa mabao manne. Maana yake mshuko wa pili Karl anaondoka, wewe uko hapo umefungiwa, unamwangalia mgongo, unangoja lango lako lifunguke.

Likafunguka. Wild akashuka kama mtu anayefukuzwa na kanjo. Akamfikia. Akamshinda kwa sekunde 0.04. Kupepesa jicho ni ndefu kuliko hiyo. Halafu kwa fainali akamtoa Žan Košir wa Slovenia. Dhahabu ya pili. Hakuna mtu wa snoubodi alikuwa amewahi kushinda dhahabu mbili kwa Olimpiki moja. Na huyo wa kwanza akawa Mmarekani kwa jezi ya Urusi, ndani ya Urusi. Serikali yao ilikuwa imeahidi rubo milioni 4 kwa kila dhahabu.

Sasa ngoja. Unataka kujua Marekani walikuwa na nani kwa alpine siku hiyo? Mtu mmoja tu, Justin Reiter. Huyu alibaki. Hakubadilisha bendera. Na ili apate pesa ya mazoezi, alikuwa anaishi ndani ya gari yake, pikapu. Mzalendo wa kweli, si ndio? Alitoka Sochi bila medali. Baadaye akawa kocha wa Ester Ledecká wa Czech, ambaye alishinda dhahabu ya mchezo huo huo kule PyeongChang 2018. Kumaanisha ujuzi Marekani walikuwa nao. Ulikuwa umelala kwa pikapu.

Nilipofika hapo niliweka simu chini. Kwa sababu hawa wawili walikuwa wa nchi moja, mchezo mmoja, na mlango mmoja ulifungwa mbele yao. Mmoja alienda, mwingine akabaki. Kwa ile klipu yangu ningemsifu Reiter na kumtusi Wild, halafu nirudi kulala, bila kuuliza hata mara moja nani alifunga mlango.

Hiyo ndiyo shida yangu na neno msaliti. Linamwangalia anayeondoka peke yake. Mtu akishaitwa hivyo, hakuna mwenye atauliza ofisi ilifanya nini. Aliyekata bajeti hana sura, hana klipu, hakuna anayemtukana. Mkimbiaji ndiye ako na sura, kwa hivyo yeye ndiye anachapwa.

Na hii mimi naijua kwa mwili wangu. Niliacha chuo mwaka wa pili. Pesa niliyoahidiwa haikukuja, muhula ukapita, jina likatolewa kwa orodha ya mtihani. Kijijini stori ikawa fupi sana: amekataa shule, anacheza na simu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini jina lilitolewa. Nilichukia hiyo stori kwa miaka miwili. Halafu nikaenda kwa ngazi za ploti, nikamfanyia Yavi kitu kile kile.

Lakini sitaki mfikirie nimegeuka kuwa wakala wa pasipoti. Kuna upande mwingine, na stori ya Wild inao pia.

Ukibadilisha nchi, hubebi mshahara peke yake. Unabeba na madhambi ya nyumba mpya. Ile Sochi ambapo Wild alikuwa shujaa, ripoti ya Richard McLaren ya 2016 ilionyesha vile chupa za mikojo ya wanamichezo wa Urusi zilikuwa zinabadilishwa usiku, kupitia tundu la ukutani kwa maabara. Wanamichezo kadhaa wakapokonywa medali, wengine wakarudishiwa baada ya rufaa. Za Wild hazikuguswa kamwe, lakini bendera ilichafuka. PyeongChang 2018 ilibidi ashindane kama mwanamichezo wa Olimpiki kutoka Urusi, bila bendera, bila wimbo. Hakupata medali. Halafu slalomu fupi, ile ya sekunde 0.04, ilikuwa imetolewa kwa Olimpiki baada ya Sochi, nafasi ikaenda kwa mashindano mengine ya kuruka. Yaani nusu ya kazi yake ilifutwa na kalamu tena, na mara hii si ya Wamarekani.

Beijing 2022 akarudi akiwa na miaka 35. Akachukua shaba. Na nani alishinda dhahabu? Benjamin Karl. Yule yule wa Sochi. Miaka minane alingoja, mzee. Lakini hata kama Wild angeshinda, wimbo wa Urusi haungepigwa. Walikuwa wanapiga kinanda cha Tchaikovsky badala yake. Wiki tatu baadaye, baada ya Urusi kuvamia Ukraine, shirikisho la kimataifa la skii likafungia wanamichezo wote wa Urusi. Aliyepigiwa makofi Sochi akajikuta upande ambao mlango umefungwa tena.

Kwa hivyo ukiniuliza kama Wild alifanya vizuri, nitakuambia ndiyo, na alilipia.

Sasa rudi nyumbani. Sisi tuna stori yetu ambayo wengi wenu hamkuwa mmezaliwa au mlikuwa mnabebwa mgongoni. Stephen Cherono alienda Qatar 2003 akaitwa Saif Saaeed Shaheen. Mwaka huo huo akashinda ubingwa wa dunia Paris, mbele ya Ezekiel Kemboi wetu. Kenya ikakataa kumwondolea muda wa kungoja, akakosa Olimpiki ya Athens 2004. Tukachukua dhahabu, fedha na shaba bila yeye, tukacheka. Siku chache tu baada ya hapo, kule Brussels, akakimbia 7:53.63. Rekodi ya dunia, na ilikaa karibu miaka 19. Tulimnyima Olimpiki, na yeye akatuachia rekodi ambayo hakuna Mkenya ameigusa. Sijui nani alishinda hapo. Mimi naona hakuna.

Kuna na wale walioumia. Ruth Jebet alishindia Bahrain dhahabu Rio 2016 akiwa kijana mdogo sana, na baadaye akafungiwa miaka minne kwa dawa. Mpaka 2017 shirikisho la riadha la dunia likasimamisha kabisa mambo ya kubadilisha nchi, na 2018 likaleta sheria mpya: lazima uwe umefika miaka 20, na ungoje miaka 3. Hizo sheria naziunga mkono mikono miwili. Mtoto wa miaka 15 hawezi kuuza kitu ambacho hajakielewa, na mtu mzima anayemnunua anajua vizuri anachofanya. Huyo wakala ndiye tungekuwa tunamrekodia klipu.

Tofauti yangu sasa ni hii. Wild alikuwa mtu mzima. Alijua anakoenda, alikuwa ameoa huko, alikuwa anaishi nao na kufanya mazoezi nao. Na alipoondoka, kwao hakukuwa na kitu cha kumzuia isipokuwa maneno. Kama nchi inataka kumshika mtu, imshike kwa mkataba, kwa kocha, kwa bima ya goti lake. Ikimshika kwa matusi peke yake, hiyo si mapenzi.

Na kama bado unaona uzalendo ni damu, nikupatie hii ya mwisho. Hapo hapo Sochi, kwa ile snoubodi ya kuruka, Shaun White aliyekuwa anapewa kila kitu alimaliza wa nne. Aliyeshinda ni Iouri Podladtchikov wa Uswisi. Alizaliwa Urusi. Aliwahi hata kuishindania Urusi kule Torino 2006, kisha akahamia timu ya Uswisi, nchi iliyomlea. Kwa hivyo Olimpiki moja, nchi moja: mtoto wa Urusi anashindia Uswisi, mtoto wa Marekani anashindia Urusi. Sasa niambie nani ni msaliti hapo, na umsaliti nani.

Nilimpigia binamu jana kabla ya kutoa klipu. Nilimwambia pole kwanza. Akanyamaza, halafu akacheka kidogo, akasema, "Ulikuwa unatafuta watazamaji, najua." Hiyo iliniuma kuliko kama angenitusi.

Sikumwambia aende, na sikumwambia abaki. Nilimwambia aulize maswali ambayo Wild pengine hakuwa na sababu ya kuyauliza. Nikiumia, nani analipa hospitali, na mpaka lini? Ile miaka 3 ya kungoja nitakula nini? Mkataba ukiisha, pasipoti inabaki yangu au mnaichukua? Na hiyo nchi ikifanya ujinga wake, wa dawa au wa vita, mimi nitakuwa wapi? Wakijibu kwa maandishi, akae chini na mamake waamue. Wakijibu kwa mdomo tu, abaki.

Akaniuliza, "Na anko?" Nikamwambia anko niachie mimi. Jumapili narudi kwa shosho. Nitamwuliza swali moja tu: tangu huyu kijana aanze kukimbia, umewahi kumnunulia hata jozi moja ya viatu? Na kabla anijibu, nitamwambia mimi pia sijawahi.

Winfred, kama hii itakufikia siku moja, pole. Zile sekunde 40 hazikuwa zako, zilikuwa za njaa yangu. Ile 8:52.76 ndiyo yako.

Nyinyi wengine, najua wengi mtasema nimelainika. Andikeni tu, nitasoma zote. Lakini ukianza na neno msaliti, malizia na jina la aliyefunga mlango.